Mgeni Alikuwa na Halua Mkononi

Jumatatu, 7 Aprili

Masika yameanza kweli. Nguo zimelowa tena kambani kwa sababu nilikuwa nasoma kamusi badala ya kutazama mawingu. Bibi hakunigombeza. Tangu Maalim Msabah alipokuja juzi, Bibi hanigombezi kwa lolote.

Maalim Msabah ni katibu wa kamati ya urafiki ya mtaa wetu. Wageni wanakuja kutoka Lindenfurt, mji rafiki wetu wa Ujerumani, mji pacha kama kamati inavyouita, na watatembelea nyumba zetu hapa Kikwajuni. Mkalimani wa kamati amekwenda Dar es Salaam kuuguza. Maalim, ambaye alinifundisha nilipokuwa mdogo, akakumbuka kwamba matokeo yangu ya Kidato cha Nne yalikuwa na A ya Kiingereza. Hakukumbuka kwamba miaka yote ile sikuwahi kunyoosha mkono darasani.

Nilitaka kusema siwezi. Nikasema, "Naam, Maalim."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Nimejifunza kwa Kiingereza: ujumbe, ushirikiano, zege, msingi wa nyumba.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemuuliza Bibi mji unapataje rafiki. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwa nyumba," akasema. "Baada ya Mapinduzi walikuja Wajerumani, wale wa nchi ya mashariki, wakajenga hizi. Sisi tukikaa vibanda vya udongo hapa hapa. Siku ya kwanza kupanda ngazi nilikwenda kwa kukaa kitako, ngazi moja moja, nikidhani itanidondosha. Sasa nchi yao ile haipo tena, lakini nyumba zipo."

Urafiki wa Lindenfurt ulikuja baadaye sana. Watu wa huko waligundua kwamba baba zao walifanya kazi hapa, wakataka kujua nyumba zinaendeleaje. Kila baada ya miaka wanachangia jambo moja. Mara hii ni ama taa za uwanja wa mpira wa mtaa, ama mabomba mapya ya maji machafu. Wageni watakaa na wakaazi, watawasikiliza, kisha wataamua wenyewe.

Bi Maisara alikuwa chini ya ngazi, akatusikia. Hakuna asilolisikia. Anakaa chini kabisa na mumewe, Mzee Jaku, ambaye amepooza upande mmoja, na kila asubuhi anakaanga vitumbua mlangoni. Sauti yake inafika ghorofa ya juu bila ya kupanda.

"Mapacha gani hao, Bi Mwanamkasi? Mmoja ana theluji mwengine ana mbu!"

Bibi akacheka. Mimi nikafunga mlango taratibu. Nikaomba kesho wageni wakija ukumbini kwetu, yeye asije.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja.

Tulifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Bibi alifukiza udi tangu asubuhi, si ukumbini tu bali ngazini mpaka chini, na chetezo kingine akakiweka kwenye mlango wa jengo. Nilijua kwa nini. Karo, lile shimo la maji ya vyoo nyuma ya jengo, limeziba toka mwaka juzi, na usiku ilinyesha.

Wageni walikuwa wachache. Aliyeongea ni Bi Renate, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za mvulana. Baba yake alikuwa mmoja wa waliomwaga zege la ngazi zetu. Alipopanda alikuwa anazigusa ngazi kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe. Nikampenda. Nadhani hilo lilizidisha mambo.

Ukumbi ulijaa. Wanaume wakakaa upande wa dirisha, wanawake kwenye mabusati. Bibi akawanyunyizia wageni marashi mikononi, kisha halua na kahawa. Bi Renate akauliza wakaazi wana shida gani. Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilitoka.

Jirani wa kwanza akasema, "Alhamdulillahi, hatuna neno." Wa pili, "Tunashukuru sana kwa nyumba." Bibi akasema, "Mwambie ajisikie yuko kwao." Kila mmoja alijua kuna karo, na kila mmoja alikuwa na mgeni mbele yake anayekula. Huwezi kumwekea mgeni uchafu wa nyumba juu ya sahani yake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Maalim Msabah alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jibu, kama mwalimu anayetusikiliza dua na sisi tunaijua.

Ndipo Bi Maisara akasema kutoka mlangoni, "Mimi nna neno."

Hakuwa amevaa nguo za wageni. Alikuwa na kanga ya kazini, ina unga begani.

"Mwambie, mwanangu Nadhira. Mwambie karo limeziba. Mvua ikinyesha maji ya choo yananirudia ndani, na si maji tu, kinyesi chenyewe, mpaka chini ya kitanda cha mume wangu, na yeye hawezi kuinuka. Mwambie nyumba alizojenga baba yake ni nzuri, ngazi nzuri, tunashukuru, lakini mimi siishi ngazini. Mwambie taa za uwanja watoto watafurahi, ila Jaku wangu hachezi mpira. Tunataka mabomba. Sema."

Bibi aliangalia kikombe chake. Maalim Msabah akakohoa kikohozi kirefu. Bi Renate akanigeukia, macho yake ya buluu yananingoja. Alikuwa na kipande cha halua kati ya vidole, nusu ameshakiuma.

Nilikuwa na maneno yote. Neno la kinyesi ninalijua kwa Kiingereza, tena zaidi ya moja. Nilikitazama kile kipande cha halua, nikahisi uso unawaka mpaka masikioni, na nikasema kwa Kiingereza, "Anasema nyumba ni nzuri na ngazi ni nzuri, na anashukuru. Mumewe ni mgonjwa. Anaomba mumuombee."

Bi Renate akaweka halua chini. Akainuka, akaenda mlangoni, akaushika mkono wa Bi Maisara kwa mikono yake yote miwili, akatabasamu huku macho yamelowa. "Thank you," akasema. "Thank you."

Na Bi Maisara akang'aa. Sijawahi kumwona hivyo. Akatugeukia sote: "Mmeona? Mgeni haogopi kuambiwa! Ni nyie tu mnaomwogopea!"

Jumapili, 13 Aprili

Sikuweza kula. Bibi anadhani ni uchovu.

Jumatatu, 14 Aprili

Maalim Msabah amepita kutushukuru. Mbele ya Bibi alinisifu. Nilipomsindikiza mpaka ngazini akapunguza sauti.

"Kiingereza nnakisikia, si sana lakini nnakisikia. Umetusitiri, Nadhira. Mkalimani mwenye adabu ni mali."

Nilikuwa nimejiambia hivyo hivyo tangu Jumamosi: kwamba nilisitiri, kwamba sitara ni jambo jema. Nilipoyasikia kwa mdomo wake nikataka kuosha masikio. Alikuwa mtu ninayemheshimu kuliko wote mtaani. Sasa sijui niweke wapi macho nikimwona.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nilipokwenda kununua vitumbua Bi Maisara alikataa pesa yangu.

"Wewe huna deni hapa. Mwaka huu tunapata mabomba kwa ulimi wako." Akaniongezea viwili. "Yule mama kanishika mikono, uliona? Mtu hakushiki hivyo kama hajakusikia."

Nilivipeleka kwa watoto wa juu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Bi Maisara amepanga matofali chini ya miguu ya kitanda cha Mzee Jaku. Nilimsaidia kubeba. Mzee Jaku akasema kitanda kikiendelea kupanda hivi atafika ghorofani kabla ya mabomba. Mdomo wake unakwenda upande, lakini utani wake umenyooka. Bi Maisara akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku zote nilikuwa nadhani wao ni watu wa kelele. Nilikuwa sijawahi kuingia ndani mwao. Ukutani kuna mstari wa rangi ya chai, karibu na magoti yangu. Ni alama ya mwaka jana.

Jumatatu, 28 Aprili

Wamechagua taa.

Maalim Msabah alitangaza baada ya sala ya alasiri, nje, watu wamesimama chini ya vibaraza. Alisoma ujumbe wa Lindenfurt: kwa kuwa wakaazi waliotembelewa hawakutaja tatizo lolote la nyumba, mchango utakwenda uwanjani, kwa ajili ya vijana. Vijana wakapiga makofi.

Halafu akasema kijana mmoja wa mtaa ataalikwa Lindenfurt mwezi wa tisa kwa wiki chache, na kamati imenipendekeza mimi. Wakapiga makofi tena. Salhiya, rafiki yangu wa ghorofa ya tatu, akanikumbatia na kupiga kelele sikioni mwangu: "Utaona theluji!" Mwezi wa tisa hakuna theluji. Sikumwambia.

Bi Maisara hakupiga makofi wala hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema neno moja, si kwa mtu yeyote: "Hawakutaja?"

Ijumaa, 2 Mei

Jana usiku maji yaliingia.

Tulisikia kwanza Bi Maisara anapiga chini ya ngazi kwa mwiko. Niliposhuka ukumbi wao wote ulikuwa umejaa, na vitu vilivyokuwa vinaelea sitaviandika. Unga wake wa mchele ulikuwa umelowa magunia yote. Wanaume wa jengo wakamkalisha Mzee Jaku kwenye kiti, wakambeba ngazi kwa ngazi mpaka kwetu. Ngazi zile za baba yake Bi Renate. Mzee Jaku alifumba macho njia nzima. Ni mtu aliyekuwa akibeba magunia ya karafuu bandarini, Bibi kaniambia, mawili kwa mara moja.

Bibi akampa kitanda changu. Mimi na Bi Maisara tukalala ukumbini, pale pale alipokaa Bi Renate na halua yake.

Asubuhi tulishuka kusafisha. Nilichota kwa ndoo, nikatapika, nikachota tena. Bi Maisara alikuwa anasugua bila ya kunitazama.

"Unajua kinachoniuma?" akasema. "Si haya. Haya nshayazoea. Nilimwambia machoni mwake. Akanishika mkono, akanichekea, akaenda zake kusema hatukutaja. Kumbe alikuwa ananicheka hasa. Mimi mjinga, nikafurahi mbele za watu."

Ndoo ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ndiyo nafasi. Nikasema, "Pole, Bi Maisara."

"Wewe unanipa pole ya nini, mwanangu? Wewe ulisema. Wenye masikio ndio wao."

Jumapili, 4 Mei

Mvua. Bado wako kwetu.

Jumanne, 6 Mei

Bi Maisara amenishonea pindo la buibui lililofumuka, bila ya kuambiwa. Nililikuta limekunjwa juu ya kamusi yangu.

Ijumaa, 9 Mei

Kuishi naye ndani ni vigumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu si mtu mbaya hata kidogo. Asubuhi anamgeuza mumewe, anamfuta, anamwimbia kidogo kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wageni wa Bibi wakija anawahadithia habari ya yule mama wa Kijerumani, na kila siku yule mama anazidi kuwa mbaya. Jana alikuwa amemcheka. Leo alikuwa amejifuta mkono baada ya kumshika. Nilikuwepo. Hakujifuta mkono. Nimekaa pale namsikia Bi Renate anavuliwa nguo na sikufungua mdomo. Sasa nimemwacha Bi Renate asingiziwe, baada ya kumnyima Bi Maisara maneno yake.

Jioni Bi Renate mwenyewe alinitumia ujumbe kwenye simu. Ametuma picha ya bustani yake, na kuuliza hali ya yule bibi na mumewe mgonjwa. Anasema kanisani kwao wamemuombea.

Nilifunika simu kwa mto.

Jumapili, 11 Mei

Bibi ameniambia nikae. Mzee Jaku alikuwa amelala na Bi Maisara yuko sokoni.

"Mimi Kiingereza sikijui," akasema. "Lakini urefu naujua. Maneno ya Maisara siku ile yalikuwa marefu. Yako yalikuwa mafupi."

Nikakunja pindo la kanga yangu.

"Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi," Bibi akasema. "Hilo ndilo langu. Nilikuwa na mgeni, ukumbi wangu unanukia udi, sikutaka uharibike. Toka siku ile kila nikimpa Maisara chai mkono unakuwa mzito. Wako unakuwaje?"

Nikalia. Hakunibembeleza. Akaenda kuweka maji ya chai.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nitamwambia.

Jumatatu, jioni

Sikumwambia. Maalim Msabah alikuja na mambo ya pasipoti.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia.

Tulikuwa chini, nyumbani kwao. Maji yametoka lakini harufu haijatoka, na mstari mpya wa ukutani uko juu ya ule wa zamani. Alikuwa anajaribu kuwasha jiko ambalo limelowa. Nilisimama mlangoni, pale pale kama yeye alivyosimama kwetu, na nikasema, "Bi Maisara, sikusema."

"Hukusema nini?"

"Siku ile. Sikuyasema maneno yako. Nilimwambia unashukuru kwa nyumba na unataka mumeo aombewe. La karo sikulisema. Hakukucheka. Hakusikia kitu."

Aliacha jiko. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilitamani apige ile kelele yake ifike juu, Salhiya asikie, mtaa mzima usikie. Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya yako?"

"Alikuwa anakula."

"Alikuwa anakula," akarudia. "Na mimi nnakula wapi, Nadhira? Mimi na Jaku tunakula wapi?"

Akapita karibu yangu akapanda juu. Niliposhika ndoo nimsaidie kusugua akasema kutoka ngazini, bila ya kugeuka: "Iache. Leo usinisaidie."

Ijumaa, 16 Mei

Mvua kidogo. Hasemi nami. Chakula ananipakulia, lakini anakiweka mbele yangu kama anayemwekea mgeni.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi aliniamsha kwa kunigusa mguu. "Namba ya yule mama unayo?"

"Ninayo."

"Piga. Si hapa. Chini."

Nikampigia simu ya video. Bi Renate alikuwa jikoni kwake, amevaa joho la kulalia, akafurahi kuniona. Bi Maisara akanishika mkono ulioshika simu, akauelekeza ukutani kwenye mstari, kisha sakafuni, kisha kwenye kitanda kilicho juu ya matofali.

"Sasa sema," akaniambia. "Yote. Na la kinyesi usiliruke."

Akasema maneno yake upya, kipande kwa kipande, akinisubiri kila kipande kama anayemlisha mtoto. Nikatafsiri. Nilipofika kwenye lile neno sauti ilikwama, akanibana mkono, nikalisema. Kisha nikasema la kwangu, ambalo hakuniamuru: kwamba siku ile nilibadilisha maneno, kwamba kosa ni langu, si lake.

Bi Renate alikaa kwenye kiti. Halafu akasema, na mimi nikamtafsiria Bi Maisara hivi:

"Anasema siku ile alisikia harufu, chini ya ule udi. Alitaka kuuliza, akaona si adabu kumuuliza mtu habari ya choo chake nyumbani kwake. Anasema na yeye ameona haya."

"Naye pia!" Bi Maisara akasema. "Basi haya zetu zimekutana, na karo liko pale pale. Muulize mabomba."

Nikauliza. Bi Renate akajibu polepole, akichagua maneno. Nguzo za taa zimeshanunuliwa. Mwaka huu haiwezekani. Atasimama kwenye mkutano wao na kueleza, lakini watu wa Lindenfurt nao wamechoka kuchangia na baadhi yao wanataka urafiki wenyewe uishe. Hawezi kuahidi.

Nilijua pale pale jinsi ya kuyalainisha. Ulimi wangu ulikuwa umeshayapanga: inshallah mwakani, ana matumaini, atajitahidi. Bi Maisara alikuwa ananitazama mdomo.

"Anasema mwaka huu hapana," nikasema. "Pesa imeshanunua nguzo. Atawaambia wenziwe, lakini wamechoka kutoa, na wengine wanataka urafiki uishe. Anasema hawezi kuahidi."

"Hivyo hasa ndivyo alivyosema?"

"Hivyo hasa."

Akaitoa simu mkononi mwangu, akaitazama sura ya yule mama kwa karibu, akamwambia kwa Kiswahili, "Haya. Leo nimekusikia."

Nikatafsiri na hilo.

Jumanne, 20 Mei

Maalim Msabah amejua habari ya simu. Amesimama mlangoni, hakuingia. Anasema nimeifedhehesha kamati kwa wafadhili na kwamba jina langu limeondolewa kwenye safari. Nikasema, "Naam, Maalim." Halafu nikasema, "Lakini wewe ulinisikia siku ile." Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini Mzee Jaku aliisikia kutoka chumbani, akagonga ukuta kwa mkono wake mzima.

Maalim akashuka haraka. Nimeona haya kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia.

Jumapili, 25 Mei

Wamerudi kwao chini. Tulimbeba Mzee Jaku tena. Mara hii alifungua macho akawa anazihesabu ngazi kwa sauti na kuwaambia wabebaji kwamba zote zimo, hakuna iliyoibwa.

Jumapili, 1 Juni

Siku ya pili bila ya mvua. Uwanjani wanachimba mashimo ya nguzo.

Bi Maisara ameniita kutoka chini. Haniiti tena mwanangu, ananiita Nadhira tu. Alikuwa anajaribu buibui na viatu vya kutokea.

"Kesho nnakwenda ofisi ya manispaa kwa habari ya karo. Uje nami."

"Huko wanasema Kiswahili, Bi Maisara," nikamwambia. "Mkalimani huhitaji."

"Najua. Nikifika mbele ya meza za watu na mimi naona haya, we ulidhani siioni?" Akajifunga mtandio vizuri, akarudi kwenye jiko lake. "Wewe utakaa pembeni. Nikiruka neno, unanibana mkono."